Kati ya seli mbili, ipi mzazi? Jinsi viumbe wa seli moja wanavyozeeka

Swali, kutoka kwa mwalimu wa Biolojia wa sekondari: "Huwa nafundisha kwamba bakteria na hamira hawafi kwa uzee, kwa kuwa kila mmoja anagawanyika na kuwa wawili. Mwanafunzi akaniuliza: kati ya hao wawili, nani mzazi na nani mtoto? Nilikosa jibu. Je, viumbe wa seli moja huzeeka? Kwa njia gani, na kwa nini? Na kuna lolote ninaloweza kuwaonesha wanafunzi kwa hadubini ya shule?"

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa palepale panapoamua jambo lote. Tunasema kiumbe anazeeka pale ambapo, kadiri umri unavyosonga, kasi yake ya kuzaa inashuka na uwezekano wake wa kufa unapanda. Ili kupima hilo, lazima kwanza umjue mwenye huo umri. Seli ikigawanyika ikatoa mbili zisizotofautiana kwa lolote, hakuna aliyebaki wa kuhesabiwa miaka. Lakini ikiwa moja imerithi vitu vikuukuu na nyingine imeanza na vipya, basi mzazi yupo na mtoto yupo, na mzazi anaweza kuzeeka. Katika miaka ya 1880 mwanabiolojia wa Ujerumani August Weismann alifundisha kuwa viumbe wa seli moja hawana kifo cha uzee, na fikra hiyo imedumu vitabuni hadi leo. Tunachojua sasa ni kwamba wengi huzeeka, wachache hawazeeki wakiwa katika mazingira mazuri, na kinacholeta tofauti ni namna wanavyogawana uchakavu siku ya kugawanyika.

Nitaanza na hamira, kwa sababu imechunguzwa kuliko viumbe wengine wa kundi hili, na pakiti yake iko kila duka. Hamira ya mkate ni Saccharomyces cerevisiae. Haikatiki katikati, bali huchipua: kijipu kidogo hutokea ubavuni mwa seli mama, hukua, hupokea kiini chake, kisha hujitenga. Pale kilipotokea hubaki kovu la mviringo lililojengwa kwa kitini, kemikali ileile iliyomo kwenye magamba ya kaa na wadudu. Kovu halifutiki. Kwa hiyo seli ya hamira hubeba rekodi ya uzazi wake mwilini, na mwenye rangi na hadubini inayofaa anaweza kuhesabu amezaa mara ngapi.

Mwaka 1959 Robert Mortimer na John Johnston wa Chuo Kikuu cha California walionesha kwamba seli mama haizai milele. Kwa aina nyingi za hamira za maabara wastani ni kati ya watoto 20 na 30, kisha inasimama na kufa. Namna ya kupima ni rahisi kueleza ila inachosha sana kuifanya. Seli changa zisizowahi kuzaa hupangwa kwa mstari juu ya ageri (jeli ya maabara) yenye chakula, kwa joto la nyuzi 30. Kila baada ya dakika 90 hivi, mtafiti humwondoa mtoto kwa sindano nyembamba ya kioo chini ya hadubini na kuandika alama moja mbele ya jina la mama. Usiku sahani huwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4 ili uzazi usimame hadi asubuhi. Kazi hii hurudiwa kwa seli kadhaa, kwa kawaida zaidi ya 40, hadi ya mwisho ife. Mambo mawili huiharibu mara kwa mara. La kwanza ni ageri kukauka, seli zikafa kwa kiu ukadhani ni uzee. La pili ni hatari zaidi: mama akishazeeka, watoto wake huzaliwa wakiwa wakubwa karibu sawa naye, mtafiti akamtupa mama na kubaki na mtoto. Hapo hesabu yote inakuwa bure. Siku hizi maabara nyingi hutumia vijichipu, yaani vibao vidogo vyenye mifereji myembamba inayomshika mama mahali pamoja huku maji yenye chakula yakiwasomba watoto, na kamera inapiga picha kila dakika chache.

Makovu yenyewe hayaui. Zamani ilidhaniwa mama anaishiwa nafasi ya kuchipua, lakini anapokufa sehemu kubwa ya ngozi yake bado ni laini. Kinachomuua ni alichokikusanya ndani.

Kisa kinachoeleweka vizuri zaidi kimo kwenye kromosomu ya 12. Huko kuna jeni za ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, zilizorudiwa takriban mara 150 mfululizo, kila nakala ikiwa na herufi za DNA zipatazo 9,100. Nakala zinazofanana zikikaa bega kwa bega, hutokea mara chache kwamba moja inakatika, inajikunja, inakuwa pete inayoelea peke yake ndani ya kiini. David Sinclair na Leonard Guarente wa taasisi ya MIT walieleza jambo hili mwaka 1997. Pete hiyo inajua kujinakili kila seli inapojiandaa kugawanyika, lakini haijui kuhamia kwa mtoto. Fuata hesabu yake: moja inakuwa mbili, mbili nne, na baada ya vizazi kumi ziko zaidi ya 1,000, zote kwa mama. Kuna protini iitwayo Fob1 ambayo huzuia mashine ya kunakili DNA eneo hilo na hivyo kuchochea kukatika. Ukiifuta jeni yake, mama anaishi zaidi. Kuna nyingine, Sir2, inayofunga eneo hilo lisichezewe. Ukiongeza nakala moja ya jeni yake, maisha yanarefuka kwa karibu asilimia 30. Na ukimpandikizia mama kijana pete moja kabla ya wakati, anakufa mapema.

Si pete pekee. Protini zilizoungua kwa oksijeni hubaki upande wa mama, na mtoto huzaliwa akiwa nazo chache. Halafu kuna vakuoli, kifuko chenye tindikali ambacho seli hutumia kuhifadhi na kusaga. Mwaka 2012 Adam Hughes na Daniel Gottschling walionesha kuwa vakuoli ya mama huanza kupoteza ukali wa tindikali mapema, akiwa bado na watoto wachache, na baada ya hapo mitokondria zake, mitambo ya nishati ya seli, hulegea na kuvunjikavunjika. Mtoto anayetoka kwa mama huyohuyo ana vakuoli yenye tindikali kamili. Chanzo kimojawapo ni pampu ya utando wa nje iitwayo Pma1, inayosukuma tindikali nje ya seli: hudumu kwa muda mrefu na kujazana kwa mama, huku chipukizi likianza karibu bila hiyo.

Wanafunzi hupenda kuuliza ni ipi kati ya hizi inayoua. Nafasi yangu ni kwamba kuna njia mbili za kweli, ile ya DNA ya ribosomu zinakotoka pete na ile ya mitokondria, na seli huelekea upande mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifuatilia seli moja moja na kuchapisha mwaka 2020 kwamba baadhi ya mama hufa kwa njia ya DNA ya ribosomu na wengine kwa njia ya mitokondria, hata wakiwa ndugu wenye jeni zilezile kwenye mfereji uleule. Mwaka 2023 kundi hilo lilitengeneza seli zinazobadilisha upande mara kwa mara zisifike mwisho wa njia yoyote, na maisha yao yakarefuka kwa asilimia 82.

Sasa, kama kila mama anakufa, kwa nini hamira ya dunia haijaisha? Kwa sababu mtoto anaanza sifuri. Hata mtoto wa mama mzee sana, ambaye huzaliwa na mzigo kiasi na kuishi muda mfupi, watoto wake mwenyewe hurudi kwenye maisha ya kawaida. Andika hesabu hii ubaoni: katika hamira inayokua kwa kasi, nusu ya seli zote hazijawahi kuzaa, robo zimezaa mara moja, moja ya nane mara mbili. Seli yenye makovu 20 kamili ni moja kati ya 2,097,152. Kwenye mililita moja yenye seli milioni 50 utazipata kama 24 tu. Uchaguzi wa asili hauna sababu ya kumtengeneza mama afike watoto 200, kwa kuwa karibu uzazi wote wa ukoo unafanywa na vijana. Mwanabiolojia wa Uingereza Peter Medawar alieleza wazo hilo kwa wanyama mwaka 1952, na kwa hamira linaonekana kwa tarakimu.

Kwa bakteria swali la mzazi ni gumu zaidi. Caulobacter crescentus hurahisisha: seli moja ina kikonyo kinachojishikiza kwenye jiwe au kioo, nayo huzaa mtoto mwenye mkia anayeogelea kwenda zake. Aliyeshikilia ndiye mzazi. Mwaka 2003 Martin Ackermann na wenzake waliziacha seli hizo zikizaa kwenye kioo kwa zaidi ya saa 300, wakaona kasi ya uzazi inashuka kadiri umri unavyopanda. Escherichia coli, bakteria wa utumboni, hana kikonyo, anakatika katikati. Lakini angalia ncha zake. Anapokatika, kila mmoja wa wale wawili hupata ncha moja mpya, pale palipokatwa, na nyingine ya zamani. Raundi inayofuata, mmoja atarithi ncha iliyokuwapo tangu mwanzo na mwenzake atapata iliyotengenezwa raundi iliyopita. Fuata ncha kongwe, umempata mzazi. Eric Stewart na wenzake mjini Paris walifanya hivyo kwa seli zaidi ya 35,000 na kuchapisha mwaka 2005: wenye ncha kongwe hukua taratibu zaidi, kwa tofauti ndogo lakini ya kweli. Miaka mitatu baadaye ilionekana kwamba mabonge ya protini zilizoharibika hujazana kwenye ncha hizo.

Kisha mwaka 2010 kundi jingine likaweka seli hizo kwenye mifereji myembamba, ncha kongwe ikiwa imefungiwa mwisho wa mfereji, na ukuaji ukabaki uleule kwa mamia ya vizazi. Watu wengi waliona matokeo haya yanapingana. Hayapingani, na hesabu ya kubuni ifuatayo, ambayo kidato cha tatu wanaiweza, inaeleza sababu.

Chukulia kila seli huongeza alama 10 za uchakavu kati ya kuzaliwa na kugawanyika. Ikigawa sawa kwa sawa, mtoto huzaliwa na nusu ya jumla. Kuanzia sifuri: 5, kisha 7.5, kisha 8.75, na inaendelea kukaribia 10 bila kuipita. Ukoo huo hauzeeki. Kila kizazi kina mzigo uleule. Hivyo ndivyo anavyoishi Schizosaccharomyces pombe, hamira inayojikata katikati, ambayo kwenye mazingira mazuri haikuonesha uzee ilipopimwa mwaka 2013. Sasa gawa 60 kwa 40. Mstari wa wazee hutulia kwenye 15, mstari wa vijana hutulia kwenye 6.67. Mzee ana mzigo kuliko kijana, kama alivyoona Stewart, lakini mzigo wake haupandi tena, kama ilivyoonekana kwenye mifereji. Hatimaye gawa 100 kwa 0: mtoto daima sifuri, mama 10, 20, 30, hadi afe. Huyo ndiye hamira wa mkate.

Kwa nini basi asili isichague kugawa sawa kwa wote? Ongeza shida. Joto au sumu vinapandisha uchakavu kutoka 10 hadi 45 kwa raundi, na seli inayozaliwa na zaidi ya 40 inakufa. Wanaogawa sawa, wakianzia 10, huzaliwa na 27.5, kisha 36.25, kisha 40.6, na kwa kuwa wote wako sawa, wote wanakufa kizazi hicho. Wanaogawa 60 kwa 40 wanawapoteza wazee raundi ya pili, lakini mstari wa vijana unapanda 20.7, 26.3, 28.5 na kutulia kwenye 30. Idadi haiongezeki, ila ukoo haukatiki hadi shida ipite. Ndiyo maana S. pombe hiyohiyo, ikipigwa na joto au kemikali, huanza kurundika mabonge ya protini upande mmoja, na mwenye kuyarithi ndiye anayekufa. Uzee wa mmoja ndio unaomnunulia mwenzake ujana. Kukarabati badala ya kugawa kunawezekana, lakini kunakula nishati na protini ambazo zingekuza seli, kwa hiyo seli nyingi hufanya vyote viwili kwa viwango tofauti.

Jambo hili linagusa hospitali pia. Bakteria wa kifua kikuu na jamaa zake hurefuka zaidi kwa ncha moja kuliko nyingine, hivyo seli mbili zinazotoka hutofautiana kwa ukubwa na kasi, na mwaka 2012 ilionekana kwamba hutofautiana pia katika kuathiriwa na antibiotiki. Wenye jeni sawa hawafi pamoja.

Paramesia, kiumbe wa seli moja aishiye majini, ana mkasa tofauti kabisa. Ana viini vya aina mbili: kidogo kinachotunza urithi, na kikubwa chenye mamia ya nakala za jeni kinachoendesha maisha ya kila siku. Kikubwa hukatwa bila utaratibu wa kugawa kromosomu kwa usawa, kwa hiyo makosa hulimbikizana kwa ukoo mzima, si kwa seli moja. Tracy Sonneborn alionesha mwaka 1954 kwamba Paramecium aurelia akizuiwa kujamiiana na pia kujirutubisha mwenyewe, ukoo wake huchoka na kufa baada ya migawanyiko ipatayo 200 hadi 300. Akijirutubisha, kiini kikubwa cha zamani huvunjwa, kipya hutengenezwa kutokana na kidogo, na saa inaanza upya. Lorande Woodruff wa Yale, aliyeanza mwaka 1907 kufuga ukoo mmoja kwa maelfu ya vizazi, alidhani hawahitaji uzazi wa aina hiyo. Kumbe walikuwa wakijirutubisha kimyakimya. Hamira nayo ina mlango huo: mama mzee akilazimika kutengeneza spora, spora huzaliwa bila pete na bila mabonge, na maisha yao ni kamili hata kama mama alikuwa karibu kufa.

Usichanganye uzee na mambo mawili. Kufupika kwa telomeri, yaani ncha za kromosomu, si sababu ya uzee wa kawaida wa hamira, kwa kuwa ina kimeng'enya cha kuzirefusha. Na vimelea vya malale vilivyo damuni hubadilika kuwa umbo fupi lisilogawanyika, ambalo hufa ndani ya siku chache lisipochukuliwa na mbung'o. Hayo ni maandalizi ya safari.

Sasa darasani. Makovu huonekana vizuri kwa rangi ya Calcofluor, jamii ya kemikali zinazotiwa kwenye sabuni ya unga kung'arisha nguo nyeupe, lakini inahitaji hadubini yenye mwanga wa urujuanimno. Shule nyingi hazina, kwa hiyo fanya mengine.

Kwanza, onesha mama na chipukizi. Koroga nusu gramu ya hamira kwenye mililita 50 za maji ya nyuzi 38 yenye kijiko kimoja cha chai cha sukari, acha dakika 40 hadi 60, chukua mililita 1 uichanganye na 19 za maji, tazama kwa lenzi ya 40. Usitumie maji baridi kuloweka hamira kavu: utando wake haujajiunga sawasawa, na vilivyomo ndani huvuja nje.

Pili, hesabu walio hai. Tengeneza rangi ya bluu ya methilini ya asilimia 0.01, yaani gramu 0.01 kwa mililita 100 za maji; ya dukani yenye asilimia 1 izimue mara 100. Changanya tone la rangi na tone la hamira iliyozimuliwa, subiri dakika 5, kisha hesabu seli zisizopungua 300. Zilizo hai huondoa rangi kwa vimeng'enya vyao na kubaki nyeupe. Zilizokufa hugeuka bluu iliyokolea. Usipite dakika 10, kwa kuwa rangi yenyewe ni sumu na hesabu ya wafu itapanda. Chipukizi lililo dogo kuliko nusu ya mama usilihesabu peke yake. Ukiona walio hai wameshuka chini ya asilimia 90, chukua tarakimu hiyo kama makadirio tu, kwa kuwa kipimo hiki huwahesabu baadhi ya wanaokufa kama wazima.

Tatu, pima uzee wa kusubiri, yaani seli isiyozaa inadumu kwa muda gani. Chemsha maji yenye asilimia 1 ya dondoo ya hamira na asilimia 2 ya peptoni (protini iliyosagwa kuwa chakula cha seli), kwenye chupa mbili. Moja tia glukosi asilimia 2, nyingine asilimia 0.5. Jaza sehemu moja ya tano ya chupa, ziba kwa pamba, zikipoa panda hamira kidogo sana, na zitikise mara nyingi mchana. Dar es Salaam au Mombasa joto la chumba linatosha. Siku ya tatu ukuaji umesimama: ichukue hiyo kuwa asilimia 100, kisha pima kila baada ya siku mbili kwa wiki kadhaa. Kwa kawaida chupa ya glukosi kidogo huwa na walio hai kwa muda mrefu zaidi. Mojawapo ya sababu ni tindikali ya asetiki ambayo seli zilizoshiba sukari huimwaga kwenye maji zinamoishi, kwa hiyo pima pia pH ya kila chupa kwa karatasi ya majaribio. Chupa ikitoa harufu ya kuoza au ukiona vijiti vidogo vinavyocheza katikati ya seli za hamira, bakteria wameingia. Imwagie jiki, uiache dakika 30, uanze na nyingine.

Hamira ya pakiti iliyofunguliwa na kukaa jikoni miezi sita hupungua nguvu kwa unyevu, joto na oksijeni. Inafaa kwa zoezi la pili, lakini waambie wanafunzi kwamba hapo hakuna mama aliyechoka kuzaa.